TRENI ISIYO NA SIKU INAUA. TUNADAI TRENI YA KILA JUMA!

Wandugu, wadada, wakaaji wa Lubumbashi, Likasi, Kamina, Kabalo, Kongolo, Kibombo na Kindu,

Nenda leo kwenye stesheni yoyote ndogo ya njia ya chuma kati ya Kamina na Kindu, uulize swali moja tu: «Treni ya abiria itapita siku gani?» Watakujibu: «Itapita.» Uliza tena: «Siku gani?» Watakuangalia kama vile umeshuka jana kutoka Ulaya. «Ndugu, treni haina siku. Ukisikia inalia, njo imefika.»

Jibu hilo tumelizoea mpaka tunalicheka. Leo tunaandika ju ya kukataa kulizoea.

Sisi ni vijana wa mjini. Wengi wetu tuna diplome ya iniversite ndani ya mfuko wa plastiki, kazi hatuna. Tunajua watatuambia: «Ninyi munakaa mjini, munapanda taxi-bus, treni ya porini inawahusu nini?» Tunajibu: inatuhusu kila siku, saa ya kukaa mezani. Mahindi ya Kabongo, samaki wa Bukama, mchele na mawese ya Maniema, vyote vinatoka pembeni ya ile reli. Vikikwama kule, huku bei inapanda. Na wale wanaolala stesheni ni ba mama zetu, ni wajomba zetu. Mwaka jana mmoja wetu alifiwa na nkambo wake katika kijiji kilicho pembeni ya reli. Alifunga begi, akaenda kuuliza. Hakuna mtu aliyeweza kumwambia kama treni itatoka kesho ama mwezi ujao. Kilio kiliisha, watu wakatawanyika, yeye bado alikuwa na begi lake mkononi.

KUNGOJA KUNA BEI

Wakubwa wanasema treni kuchelewa ni shida ndogo, watu wa kijiji wako na wakati mwingi. Huo ni uongo na ni dharau.

Chukua mama mmoja mkulima wa upande wa Kibombo. Hatutaji jina, ju mama kama huyu wako wengi kila stesheni. Amevuna mchele, ana magunia sita. Analipa vijana wa baiskeli wamfikishie magunia stesheni. Anangoja. Juma la kwanza anakula akiba yake. Juma la pili mvua inanyesha, anafunika magunia kwa turubai la kuazima, panya nao wanakula. Juma la tatu anapita mnunuzi mwenye pikipiki. Yule anajua kabisa kwamba mama hana njia nyingine. Anataja bei, mama analia, halafu anapokea. Bei ile haikuwekwa na soko. Iliwekwa na treni ambayo haikuja.

Sasa geuka uangalie upande wa Kindu. Simenti, bati, sukari, sabuni, unga: vitu vizito kama hivi haviwezi kupanda ndege bila bei kuruka mara nyingi. Treni ikikawia, aliye na akiba ndani ya depo anauza anavyotaka. Mwalimu anayejenga nyumba ya vyumba viwili anasimamisha ukuta katikati. Mkulima anauza kwa hasara, mwalimu ananunua kwa hasara. Na wote wawili wanaambiwa wawe na uvumilivu.

Kwa hiyo tusiseme kwamba treni chache ni shida ya usafiri peke yake. Ni kodi. Ni kodi ambayo bunge halikupiga kura, na anayeilipa zaidi ni yule asiye na kitu.

WALE 75 HAWAKUWA WAMEJIFICHA

Lakini kuna bei nyingine kubwa kuliko pesa. Tuitaje.

Usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu 2022, katika teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba, treni ya mizigo ilitoka kwenye reli na mavago yakaanguka ndani ya bonde. Hesabu iliyotangazwa: watu 75 walikufa, 125 waliumia. Treni ya mizigo, wandugu. Ndani na juu ya mavago mulikuwa watu.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi na moja 2017, upande huohuo wa Lubudi, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka na kuwaka, watu zaidi ya 30 wakafa. Mwezi wa nne 2014, karibu na Kamina, treni nyingine ya mizigo ilianguka, watu zaidi ya 50 wakafa.

Kila mara tunasikia neno lilelile kwenye radio: «clandestins», abiria wa kujificha. Neno hilo linatuumiza kuliko hesabu. Mamia ya watu wanapanda treni na magunia, na kuku, na watoto mgongoni. Wamejificha kwa nani? Kila mtu anawaona. Kuwaita hivyo ni kuwatupia kosa maiti, ili walio hai ofisini wasiulizwe kitu.

Sisi tunauliza: kwa nini mtu mwenye akili yake anakaa juu ya tanki la mafuta usiku mzima? Si ushujaa, na si ujinga. Mama anayepanda vago la mizigo hakatai kununua tiketi. Hana treni ya kununulia tiketi. Treni ya abiria haina siku, ya mizigo inapita mbele yake saa hii. Wewe ungefanya nini?

Hapa njo kiini cha tangazo letu. Kila treni ya abiria isiyotembea inasukuma watu juu ya treni ya mizigo. Ukitaka kumaliza vifo hivi, polisi ya kuwafukuza watu kwenye mavago haitoshi. Lete treni yenye siku, watu watashuka wenyewe.

RELI TULIIKUTA, TUMEONGEZA NINI?

Tukumbuke kidogo, ju kuna watu wanafikiri treni ni ndoto kubwa ya kesho. Si ndoto ya kesho, ni kitu cha jana.

Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitoka upande wa kusini. Wakati uleule wakoloni walikuwa wanajenga reli ya Kongolo mpaka Kindu, ju mto Lualaba unakatwa na maporomoko ya Portes d'Enfer karibu na Kongolo, mashua haziwezi kupita. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie kwenye ziwa. Mwaka 1956 kipande cha Kamina mpaka Kabalo kilifunguliwa, na tangu hapo mtu aliweza kutoka Lubumbashi kwa treni mpaka Kindu, karibu kilomita 1,500.

Hatusifu wakoloni. Reli hiyo waliijenga ju ya kubeba mali, na waliijenga kwa mikono ya mababu zetu. Lakini uhuru ulikuja 1960, reli ikabaki mikononi mwetu. Mtandao wa SNCC una kilomita 3,641 za reli. Ni mali ya Leta, maana yake ni mali yetu. Vita vya 1998 vilikata njia ya Kindu, watu wa Maniema wakakaa miaka bila treni. Mwaka 2004 treni ilirudi, watu walicheza kwa furaha. Kama tuliweza kurudisha treni tukitoka vitani, tunashindwaje kuipa siku wakati huu?

Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali mradi wa usafiri, ule unaoitwa PTM, wa dola milioni 255, na ufufuaji wa SNCC ulikuwa katikati ya mradi huo. Hatusemi hakuna kilichofanyika. Tunasema mtu wa stesheni ndogo ana haki ya kuuliza: katika hizo zote, siku yangu iko wapi?

HESABU YA DARASA LA SITA

Tutaambiwa: «Vijana, reli imezeeka. Treni haiwezi kukimbia.» Ni kweli, reli imezeeka. Lakini hatujaomba treni ikimbie. Tumeomba ije. Hayo ni mambo mawili tofauti. Treni inayotembea polepole na kufika kila Jumatano ina faida kuliko treni ya mbio inayokuja ukiwa umeshakata tamaa.

Tupige hesabu pamoja. Kutoka Kindu mpaka Kongolo ni kilomita 355. Tuseme treni inatembea kilomita 15 kwa saa tu, ni kama mtu wa baiskeli. Safari ni saa 24 hivi. Siku moja kwenda, siku moja ya kukagua mashini na kupakia, siku moja kurudi. Mashini moja na mavago yake wanaweza kufanya kazi hiyo kila juma, na siku nne zinabaki za kutengeneza kilichoharibika.

Sasa Lubumbashi mpaka Kindu. Tuseme inachukua siku sita kwenda, siku sita kurudi, na siku moja ya kukagua kila mwisho. Ni siku 14. Treni mbili zikipishana, kila mji una treni kila juma. Weka mashini ya tatu ya akiba. Tunaongea juu ya mashini tatu na mavago ya abiria, katika inchi inayosifiwa dunia nzima kwa shaba na kobalti yake.

Watasema tena: «Treni ya abiria ni hasara.» Barabara ya lami ya mjini inaleta faida gani kwenye kasha? Daraja je? Hakuna anayewauliza. Treni ya abiria vijijini ni kazi ya Leta kama shule na kama maji. Leta ilipe sehemu yake ya tiketi, iandike katika bajeti ya kila mwaka, na bunge liangalie kama pesa imefika. Na tusisahau upande mwingine wa hesabu: treni yenye siku inajaza mavago yake. Ile isiyo na siku, mfanyabiashara haiamini, anatafuta lori, halafu mnakuja kutuambia abiria na mizigo vimepungua. Ninyi njo mliwafukuza.

Na wengine watasema: «Wafanyakazi wa reli wanagoma.» Sisi hatuwezi kuwa adui wa mtu anayetumika bila kulipwa. Dereva wa treni mwenye miezi bila mshahara yuko kwenye shida moja na mama wa magunia sita. Tunawadai wote wawili haki yao pamoja.

MADINI YANA KORIDO, WATU JE?

Kuna kitu kinatuuma. Tangu miaka michache, reli imekuwa neno tamu. Korido ya Lobito! Mikutano Ulaya, mikutano Marekani. Mwezi wa kumi na mbili 2024 Rais wa Marekani Joe Biden alifika mwenyewe mpaka Lobito, Angola, ju ya njia hiyo ya chuma inayoingia kwetu Dilolo na kufika Kolwezi na Tenke. Tunaelewa sababu: shaba na kobalti lazima zifike baharini haraka.

Hatukatai korido. Kama italeta kazi, karibu, sisi njo wa kwanza kuzitafuta. Lakini angalia ramani. Tenke ni palepale ambapo njia ya kwenda Kamina, Kabalo na Kindu inapita. Upande mmoja wa Tenke watu wanahesabu dakika za vago la shaba. Upande mwingine wanahesabu miezi ya treni ya abiria. Jiwe lina ratiba, mtu hana. Mukubwa gani anaweza kusimama mbele ya watu wa Lubudi na kuwaeleza hilo?

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 30, inasema kila mtu ana haki ya kutembea kwa uhuru katika inchi. Uhuru wa kutembea bila njia ya kutembea ni maneno kwenye karatasi.

TUNACHODAI

Hatuombi reli mpya. Hatuombi treni ya umeme kama ya sinema. Tunadai mambo matano, na yote yanaweza kuanza kwa reli iliyopo.

1. Treni ya abiria kila juma kati ya Kindu na Kongolo, kwa siku iliyotangazwa, na baadaye treni ya kila juma kati ya Lubumbashi na Kindu. Ianze hata kwa mara mbili kwa mwezi, lakini siku iandikwe na iheshimiwe.

2. Ratiba ibandikwe kwenye ukuta wa kila stesheni, na isomwe kwenye radio za jimbo kwa Kiswahili. Treni ikichelewa, watu waambiwe wakati uleule. Kumwambia mtu ukweli hakugharimu hata lita moja ya mazutu.

3. Kwa kungoja hiyo, kila treni ya mizigo inayopita njia hiyo ifungiwe mavago mawili ya abiria, yenye viti, yenye tiketi. Matanki ya mafuta yasichanganywe na watu hata siku moja. Mtu yeyote asisafiri tena juu ya mzigo.

4. Wafanyakazi wa reli walipwe mishahara yao ya nyuma, na malipo yao yafuatwe mbele ya watu.

5. Serikali itangaze pesa iliyowekwa kwa ajili ya njia hii katika bajeti ya mwaka huu na iliyotoka kweli. Na uchunguzi wa ajali za 2014, 2017 na 2022 uwekwe wazi, ili familia zijue nini kiliua watu wao.

NA SISI TUFANYE NINI?

Hatutakaa kungoja kama stesheni. Tangu leo tunafungua DAFTARI LA TRENI. Kila stesheni ambako tuko na ndugu, mtu mmoja anaandika mambo matatu: tarehe treni ya abiria ilifika, tarehe iliondoka, na siku ngapi watu walingoja. Basi. Kila mwisho wa mwezi tutakusanya na kutangaza hapa. Wakubwa wakisema treni zinatembea vizuri, tutafungua daftari mbele yao. Wakiongeza treni, daftari litasema hivyo pia, na tutawapongeza bila haya.

Wewe unayesoma ukiwa Lubumbashi, Kamina ama Kindu, fanya hivi. Pigia simu jamaa yako wa kijiji, umuulize treni ya mwisho ilipita lini. Andika. Tafuta depite uliyemchagua, umuulize swali moja tu: «Treni yetu ni siku gani?» Usikubali akuambie «itakuja». Wanafunzi wa sheria, tusaidieni kuandika barua. Wanafunzi wa uchumi, pigeni hesabu yetu upya, mkiona kosa mtusahihishe. Mwenye saluni, mwenye duka la simu, mwenye pikipiki, weka tangazo hili pale watu wanapokaa.

Tutaandika kwa Waziri wa Usafiri, kwa magavana wa majimbo ambayo reli inapita, na kwa wakubwa wa kampuni ya reli. Wasipojibu, tutakaa chini mbele ya stesheni, bila jiwe, bila fimbo, kila mtu na begi lake la safari, kama abiria. Kifungu cha 26 cha Katiba kinaturuhusu. Polisi akiuliza tunafanya nini pale, tutamjibu ukweli: tunangoja treni. Na yeye mwenyewe bila shaka ana mama yake upande wa Kabongo.

Hatuvunji reli, hatuchomi vago. Hiyo mali ni yetu. Atakayekuja kutupa jiwe kwa jina letu si wa kwetu.

Watu 75 wa Lubudi walikuwa na safari. Mmoja alienda kuuza, mwingine kuona mtoto, mwingine kurudi kwake. Walikosa treni yao, wakapanda ya mizigo. Hatuwezi kuwarudisha. Tunaweza kufanya kitu ili juma lijalo, pale pale, mtu mwingine asiangalie juu ya tanki na kusema: «Nipande tu.»

Treni yetu ni siku gani? Tunangoja jibu lenye tarehe.

Siku ya treni ni haki, si zawadi!